Madebe Thelathini na Nne ya Maji

Shida zangu zilianza mwaka 1964, nikiwa na miaka tisa, huko Muyama. Baba yangu alikuwa amegabiwa ng'ombe. Kwetu Waha, mwenye ng'ombe wengi anakukabidhi mmoja. Unamlisha, maziwa unakunywa, mbolea unatia kwenye migomba, na akishazaa mara kadhaa mwenyewe anakukatia ndama. Lakini ng'ombe anabaki wake. Akifa, unapeleka ngozi, aone kwa macho yake kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Wa kwetu alifia bondeni. Tulimpata kesho yake, fisi wamemaliza kila kitu. Baba akaenda na pembe mbili. Mwenyewe akasema pembe hata mwizi anazo. Shamba la kahawa likatutoka kwa ajili hiyo, na mimi nikatolewa darasa la pili. Ndiyo shule yangu yote. Kusoma ninasoma, polepole, kidole kikiwa chini ya neno.

Sisimulii ili mtu anionee huruma. Nilikwenda Tanga kukata mkonge kama walivyokwenda Waha wengi, nikaona mkonge una miiba na kioo hakina, nikahamia kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akikata vioo vya madirisha. Nilikaa kwake miaka sita. Niliporudi Kasulu nilikuwa na almasi ya kukatia kioo mfukoni na maringo mengi kichwani, na vyote viwili vilinisaidia. Wakati ule nyumba nyingi za Kasulu zilikuwa na madirisha ya mbao. Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa mji ule kutazama nje mvua ikinyesha.

Mwaka 1996 kazi ilikuwa nyingi. Wakimbizi walikuwa wamejaa, mashirika yanajenga maofisi, kila ofisi inataka vioo. Siku moja akaingia dukani mwalimu wa kike, mtu wa kule ziwani, aliyepangiwa kufundisha sayansi sekondari moja ya Kibondo. Alikuja amepanda lori la mahindi lililotoka Kasanda, unga mpaka kwenye nyusi. Akasema anataka sanduku la kioo la kuweka samaki. Nikamuuliza kama ni wa kukaanga au wa kuchemsha. Hakucheka. Walimu wa sayansi ndivyo walivyo.

Akanieleza. Kaka yake alikuwa mzamiaji Kigoma, katika wale wanaokamata samaki wa mapambo wanaosafirishwa Ulaya wakiwa hai. Alimpa mmoja, urefu wa kidole, naye akamfuga kwenye beseni, kisha kwenye nusu pipa. Sasa alikuwa amefika urefu wa kiganja na vidole vyake, na kwenye pipa hamwoni vizuri. Akatoa karatasi yenye mchoro. Futi mbili urefu, futi moja upana, futi moja kina.

Nikamwambia anioneshe kwa mkono samaki huyo akikua atafika wapi. Akaonesha kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko.

"Basi huu mchoro ni wa jeneza, mwalimu," nikasema. "Zizi unalipima kwa fahali atakavyokuwa, si kwa ndama aliye mbele yako. Na unalipima kwa kugeuka. Mnyama akigeuka, mkia usiguse ukuta."

Akasema samaki si ng'ombe. Nikamwambia kugeuka ni kugeuka. Tukabishana hapo mpaka lori likampigia honi, na mwisho wake nikashinda mimi, maana kioo kilikuwa changu. Nilikuwa na vipande vya milimita kumi, nilivyoagiza kwa ajili ya kaunta ya mteja mmoja, naye akabadili mawazo. Nikakata tangi la futi sita kwa urefu, mbili upana, mbili kina. Upana ndio niliousimamia sana. Watu wanapenda tangi refu jembamba kwa sababu linapendeza ukutani, lakini samaki haishi kwenye picha, anaishi kwenye maji, na humo lazima ageuke.

Mara ya kwanza nililiunga kwa puti ya madirisha. Msicheke. Nilijua kuzuia mvua isiingie ndani, sikujua kuzuia maji yasitoke nje. Lilivuja pande zote nne, duka zima likawa bwawa. Mwalimu akaniletea kutoka Kigoma gundi ya silikoni wanayotumia wale wa samaki wa mapambo, nikaunga upya, nikaliacha siku saba likauke, nikalikalisha juu ya msingi wa matofali ya kuchoma niliousawazisha kwa pima maji. Tukalijaza kwa debe. Yaliingia madebe thelathini na nne. Halikutoa hata tone. Nililizunguka mara tatu kama bwana harusi.

Ndipo nikafunga safari ya Kibondo kwenda kupima mahali pa kuliweka. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya serikali, mlango wake mwembamba, na mbele ya mlango kuna ukuta wa ujia. Tangi lisingepita. Nilipima upande huu, nikapima ule, nikapima na dirisha. Mimi, mtu wa milango na madirisha, nilipima kila kitu cha samaki yule ila mlango wa mwenyewe. Mwalimu sasa ndiyo akacheka, cheko la mwaka mzima alilokuwa ameliweka akiba.

Ikaamuliwa tangi libaki dukani kwangu Kasulu na samaki aje huko. Akaletwa kwenye pipa la plastiki lililofungwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Tulipomtia kwenye tangi ndipo nilipomwona vizuri. Mwili una mistari mipana, mmoja mweusi, mmoja mweupe unaoelekea buluu, kama shati la mfungwa aliyepata cheo. Na kwenye paji lake, nundu. Nundu kabisa, kama ya fahali. Alishuka mpaka chini, akatembea urefu wote wa futi sita bila haraka, akafika mwisho, akageuka. Mkia haukugusa kioo. Nikamtazama mwalimu, naye akatazama pembeni.

Haikupita miezi miwili mwalimu akapata nafasi ya masomo Dar es Salaam, mwaka mzima, kuanzia Januari 1997. Akaja kuniaga. Akanionesha alichokuwa akifanya: magadi kidogo kwenye kila ndoo, kwa sababu maji ya huku kwetu ni laini na ya ziwa ni magumu; chakula mara moja kwa siku, dagaa wabichi waliokatwakatwa au minyoo; maji yabadilishwe sehemu ya nne kila wiki. Kisha akasema, "Fundi, ninakukabidhi samaki wangu mpaka Desemba."

Pengine kwa mtu wa ziwani hayo ni maneno tu ya kuagana. Lakini mimi ni Mha. Mnyama mwenye nundu, mwenyewe amesimama mbele yangu, ametamka kwamba ananikabidhi. Nikasimama wima, nikampokea kwa mikono miwili, ingawa samaki alikuwa ndani ya tangi na mikononi hamkuwa na kitu. Toka siku ile nilijua kwamba samaki yule hafi. Kitakufa kila kitu kingine Kasulu, hata mimi, lakini si yule. Mtoto wa yule aliyepeleka pembe mbili hawezi kwenda kumwambia mtu, "Alikufa, niamini." Na ngozi ya samaki utaipelekaje?

Mke wangu aliniambia ukweli wake siku hiyo hiyo. "Wenzako wanafuga maziwa," akasema, "wewe unafuga maji."

Wiki mbili tu mwalimu ameondoka, samaki akaacha kula. Akajibanza kwenye kona, pua ukutani. Watu walioingia kununua kioo cha dirisha wakageuka waganga. Mmoja akasema ana homa. Mwingine, mtu wa Gwarama mwenye ng'ombe wengi, akasema neno nililokuwa nalo moyoni: ng'ombe mmoja peke yake hali vizuri. Mtenge na wenzake uone, atakonda akiwa na majani mpaka magotini. Mpe wenzake.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kama mfugaji. Kwetu unamletea ng'ombe ndama, kwa sababu ndama hana ugomvi. Nikaenda mtoni na chandarua, nikarudi na visamaki kumi na viwili, vya urefu wa nusu kidole, vinang'aa kama shilingi. Nikavitia. Jioni ile samaki akatoka kwenye kona akavitazama. Nikafurahi, nikamwita mke wangu aone urafiki. Asubuhi vilikuwa saba. Kesho yake vilikuwa viwili, vimejibana juu kabisa ya maji kama watu waliokimbilia paa.

Mke wangu akasema, "Hukumletea wenzake, ulimletea futari."

Ningecheka kama yule fahali asingekuwa ameshiba kupita kiasi. Tumbo likamvimba, akawa anaelea kichwa chini, mkia juu, siku nne. Siku hizo nne sikukata kioo. Nilikaa kwenye kiti mbele yake, nikambadilishia maji kidogo kidogo, nikamnyima chakula. Wateja niliwaambia warudi wiki ijayo. Walidhani nimefiwa, na mmoja akanipa pole. Siku ya tano akatoa uchafu mrefu kama uzi, akajiweka sawa, akatembea. Nimeona watoto wangu wote wakizaliwa. Sijui kama nilipumua hivyo.

Nikajifunza kwamba mwenzake asiwe mdogo. Basi nikaenda kule walikochimba bwawa la samaki, nikapewa perege wawili wanene, wakubwa karibu kama yeye. Nikasema sasa hawaingii mdomoni. Kweli hawakuingia mdomoni. Wao ndio waliomla yeye. Perege ana haraka. Chakula kikianguka, amefika kabla hakijalowa. Yule wangu anakwenda kwa heshima, akifika hakuna kitu, na akisogea karibu anang'atwa mapezi. Baada ya wiki tatu mapezi yalikuwa yamechanika kama bendera ya shule, na yeye amerudi kwenye kona ile ile. Lakini mimi nilishapata ukaidi. Nilijiambia watazoeana, kama fahali wawili wanavyosukumana siku chache kisha mmoja anakubali.

Aliyenitoa ujinga alikuwa mkimbizi wa Kikongo, mtu mzima, mvuvi wa upande wa pili wa ziwa kabla vita havijamtoa. Kambini alikuwa anatengeneza fremu za picha, akaja kukatiwa vioo vidogo. Akaweka fremu zake chini, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akapiga magoti.

"Papa," akasema, maana ndivyo wanavyoita baba, "huyu haiko mgonjwa. Iko na woga. Poroblemu ni bale wawili ulimuchagulia."

Nikamwambia nilichagua wakubwa kwa makusudi, wadogo aliwala.

"Ulichagua kwa macho. Huyu unamuchagulia kwa kinywa na kwa roho. Kinywa yake: kitu inaingia mule, ni chakula. Roho yake: iko mpole, iko polepole, hapendi mbio. Umutafutie benye hawaingii mule kinywa na benye hawana fujo. Kinywa na roho pamoja, papa, si kimoja."

Akasema wenzake wazuri kuliko wote ni wa aina yake, lakini si madume. Dume moja, majike matatu hivi. Na chini kwenye mchanga unaweza kuweka kambale wadogo wenye madoa wa ziwani, wanaoitwa gogogo, maana wana miiba mgongoni na hawamtazami mtu. Wawili tu. Akatembea urefu wa tangi akihesabu hatua, akatazama upana, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema maji haya yanatosha sita. Wa saba asiingie hata nikipewa bure. Kisha akaniuliza nani alilipima tangi. Nikasema mimi. Akasema, "Hapo ulikuwa na akili."

Vioo vyake nilimkatia, na nikamwongezea kimoja.

Perege nikawatoa mchana ule ule, walikuwa watamu. Nikapanda lori la Kigoma, nikamtafuta kaka wa mwalimu. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa kuzamia. Nilipomwambia nimekuja kumtafutia wenzake samaki wa dada yake alinitazama sana. Akauliza, "Bado yupo?" Nikaona ni swali la ajabu, lakini sikulitilia maanani. Akanichagulia majike matatu makubwa na gogogo wawili. Nilirudi nao kwenye mapipa nyuma ya lori, nikiwa nimekaa kati yao. Kila kwenye shimo nilikuwa nayakumbatia mapipa mawili, moja kila mkono, na utingo akaniuliza ni pombe ya nani.

Alipowaona majike, fahali wangu alitoka kwenye kona. Hakuwakimbilia. Alitandaza mapezi yale yaliyochanika, mistari ikakolea, akapita mbele yao mara moja, kama mzee anayepita sokoni siku amevaa koti. Siku ya tatu akala mbele ya kila mtu. Mke wangu akasema, "Haya, leo utakata vioo vya watu."

Kiangazi kilipofika, baridi ya Kasulu nayo ikafika. Maji ya ziwa hayajui baridi ile. Hapo nilizidi kulipenda tangi kubwa. Beseni la maji linapoa mara moja. Madebe thelathini na nne yanapoa polepole kama jiko la matofali. Hata hivyo kila jioni nililifunika kwa blanketi, na asubuhi nikaongeza birika mbili za maji ya moto kwa mbali kidogo na walipo. Blanketi lilikuwa la mke wangu, la posa. Sitaeleza yaliyosemwa. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo niliweka pipa juu ya kenchi, nikaliwekea mchanga ndani, nikawa nachota maji ya tangi na kuyamwaga humo, yakawa yanachujika na kudondoka tena kwenye tangi mchana kutwa ili yasilale. Watu walikuja kusikiliza tu yale matone.

Mwezi wa kumi jike mmoja akaacha kula. Mdomo umejaa, taya limeshuka. Nikaanza tena kukaa kwenye kiti. Safari hii aliyeona ni mke wangu, ambaye alikuwa anapita na ndoo akijifanya hatazami.

"Huyo si mgonjwa," akasema. "Tazama ndani ya mdomo. Macho."

Nikatazama. Jike alifungua taya kidogo, na ndani mkawa na macho madogo madogo yananitazama. Amewabeba watoto mdomoni. Nilipiga magoti kama yule Mkongo. Safari hii nilishajua kanuni ya kinywa, kwa hiyo nikaunga kitangi kidogo kwa vipande vya madirisha vilivyobaki, nikamhamisha jike humo, na alipowatema nikamrudisha yeye kwa wenzake. Walikuwa kumi na wanne. Wote na mistari yao tayari.

Mwalimu alikuja Desemba. Mvua zilikuwa nyingi na barabara imekufa, alifika na matope mpaka magotini, amekwenda kwanza kwa watu wengine wawili mjini. Kwangu alikuja mwisho. Akasalimia, akauliza watoto, akauliza kazi, akazungumzia Dar. Hakugeukia tangi, ambalo lilikuwa limefunikwa kwa sababu ya baridi ya mvua. Nikaona jambo. Nikamuuliza mbona hamuulizii mnyama wake.

Akatazama chini. "Fundi, naomba unisamehe," akasema. "Nina hakika alikufa mwezi wa pili, na kaka yangu hajaniandikia kitu mwaka mzima. Samaki yule hafugiki huku, bila umeme, na baridi hii. Nilikuachia kwa sababu sikuweza kumuua mwenyewe. Sitaki ujisikie vibaya."

Kweli nilikasirika. Mwaka mzima nimebeba kitu ambacho mwenyewe alishakizika. Nilikuwa na maneno makali, na mimi si mtu wa kuyameza. Lakini nilichofanya ni kuvuta blanketi.

Fahali alikuwa katikati. Nundu imekua, mapezi yameota marefu mpaka yana ncha kama nyuzi. Akaja kwenye kioo taratibu, akamtazama mwalimu, akageuka. Mkia haukugusa. Mwalimu akakaa kwenye kile kiti changu na matope yake. Kisha akaanza kuuliza, kama mwanafunzi. Baridi uliifanyaje? Hawa uliwachaguaje? Kwa nini huyu hawali hao kambale? Nikamjibu yote, na kila jibu nilikuwa nalo.

Mwishoni nikamwambia, "Mwalimu, ulinikabidhi mmoja. Huyu hapo. Majike nilitafuta mimi, lakini fahali ni wako, kwa hiyo ndama hawa kumi na wanne wewe ndiye unayegawa. Kwetu ndivyo."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya kugabia, na ngozi, na kilichompata baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikuwa amehamishiwa Kigoma mjini, nyumba ina mlango mpana, amekwisha kuutazama. Lakini fahali hamchukui.

"Mimi nilimwacha afe," akasema. "Hawezi kuwa wangu tena. Ila nina ombi, baba. Nigabie wewe. Nipe ndama wawili, nitunze mimi, uje ukague."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite baba, badala ya fundi. Nikamchagulia majike mawili. Nikamwambia nitamkatia tangi, na kipimo ni changu, hakuna mchoro. Akakubali bila kubishana. Tangi lile nililipeleka mwenyewe mwezi wa tatu, na nimekwenda kukagua kila mwaka mpaka alipostaafu. Anafuga vizuri, ingawa analisha kupita kiasi.

Sasa nimezeeka. Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba mbili Kasulu, moja ya kuishi na moja ya wapangaji. Duka la vioo na alumini. Ekari saba Muyama, tatu zikiwa za kahawa. Ng'ombe kumi na mmoja, wanne wako kwa watu. Mashine moja ya kukoboa mahindi. Pikipiki moja, mbovu. Mke yule yule, na mablanketi manne mapya ambayo ni yake peke yake. Watoto watano, wote wamemaliza shule. Matangi matatu. Katika lile kubwa, samaki sita.